Mwaka wa 1957 Ningekuwa na Kura Ngapi?

Wasee, wacha nianze na aibu yangu mwenyewe. Nina miaka 22. Niko na kitambulisho tangu nifike 18. Na hadi juzi sikuwa mpiga kura wa Kenya. Lakini kuna nchi moja ambayo mimi ni raia kamili, nimepiga kura mara nne, na kuna wakati nilibaki kidogo tu niwe waziri. Shida ni moja: hiyo nchi haipo.

Ni gemu. Inaitwa NationStates, ilitengenezwa na mwandishi wa Australia, Max Barry, na imekuwa kwa intaneti tangu 2002. Unaunda taifa lako, unalipa jina, unaamua sheria. Halafu mataifa yanajiunga kwa kanda, na kila kanda iko na katiba yake, uchaguzi wake na fitina zake. Niliingia huko wakati nimetoka chuo bila digrii, nikiwa na muda mwingi na pesa kidogo. Kupata uraia wa kanda yetu kulikuwa na utaratibu: unatuma maombi, afisa fulani (pengine ni kijana wa sekondari huko Kanada) anakagua kama kweli wewe ni mtu mmoja, unakula kiapo, unangoja. Ndio jina lako linaingia kwa daftari.

Kwa nini wakague? Kwa sababu kwa hiyo gemu mtu mmoja anaweza kuunda mataifa hata 20. Bila ukaguzi, mtu mmoja ni kura 20. Kwa hivyo kosa kubwa kuliko yote ni kupiga kura zaidi ya moja. Siku moja tulishika jamaa ana akaunti tatu. Alifukuzwa kama mwizi wa kuku.

Nikamhadithia Kukhu, nyanya yangu, tukiwa jikoni kwake. Nilidhani ataniuliza kama hiyo gemu inalipa. Akacheka tu.

"Papa, kura tatu ndizo unashangaa? Hapa kwetu kulikuwa na mwalimu ana kura tatu, na ni serikali ilimpa."

Nikadhani ni umri. Nikaenda kusoma. Manze, Kukhu alikuwa sahihi kabisa.

Lakini ili uelewe hizo kura tatu zilitoka wapi, lazima turudi nyuma kidogo, hadi wakati hatukuwa hata na moja.

Kabla ya kura, tulipewa namba. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilipitishwa 1915 na ikaanza kufanya kazi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa kubeba kipande: karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole, ameandikwa na nani, analipwa ngapi. Ilikaa ndani ya kikopo cha chuma, na wengi walikitundika shingoni. Ukitoroka kazi, karatasi inakuchoma. Kwa hivyo usije ukaambiwa mkoloni hakutusajili. Alitusajili vizuri sana, mpaka vidole. Alichokataa ni kutuuliza maoni.

Na hapa Kakamega tulilipa bei ya hicho kitu. Mwaka wa 1930 serikali ilitunga sheria ya ardhi ya wenyeji, ikaahidi kwamba ardhi za Waafrika zilizotengwa ni zao milele, na kipande kikichukuliwa kwa matumizi ya umma, watapewa ardhi nyingine badala yake. Mwaka uliofuata, 1931, dhahabu ikapatikana Kakamega. Wazungu wakamiminika, mahema kila mahali. Wewe unayekaa Rosterman na hujawahi kujiuliza hilo jina ni la nani, ni la kampuni ya mgodi wa dhahabu. Basi "milele" ikadumu miaka miwili. Desemba 1932 sheria ikabadilishwa haraka: ardhi ingeweza kuchukuliwa kwa ajili ya madini bila kutoa ardhi nyingine. Pesa zilitosha.

Nani alibadilisha? Baraza la Kutunga Sheria kule Nairobi, ile LegCo. Wazungu walikuwa wanachagua wajumbe wao tangu 1920. Waafrika hawakuwa na mtu wao hata mmoja ndani. Mwafrika wa kwanza kuingia, Eliud Mathu, aliingia 1944, na hakuchaguliwa, aliteuliwa. Kwa hivyo siku ile shamba la Kakamega linajadiliwa, mwenye shamba hakuwa ndani, na hakukuwa na mtu ndani ambaye angeogopa kumkasirisha mwenye shamba.

Babake Kukhu alifanya kazi mgodini. Kipande alikuwa nacho. Kura, hapana.

Sasa tuingie 1957. Hali ya hatari iliyotangazwa 1952 bado iko, Waingereza wanaona lazima wafungue mlango kidogo, lakini wanaogopa umati. Afisa mmoja wa serikali ya kikoloni, Walter Coutts, akapewa kazi ya kupendekeza Waafrika wachague vipi. Kile kilichotoka kwa hiyo kazi ni utaratibu ambao ukiuleta kwa gemu yetu leo utafukuzwa kabla ya chai. Huku kupata kura ulikuwa unahesabiwa sifa: umesoma kiasi gani, unapata pesa ngapi kwa mwaka au uko na mali gani, umetumikia serikali au jeshi kwa muda gani, una umri na heshima ya mzee au la. Sifa moja, kura moja. Sifa nyingi, kura nyingi, mwisho tatu.

Na kama wewe ni Mkikuyu, Mwembu au Mmeru, kulikuwa na mlango mwingine kabla ya huo: cheti cha uaminifu, kuonyesha hukuwa upande wa Mau Mau. Bila hicho cheti, hata uwe umesoma namna gani, wewe si mpiga kura.

Waliojiandikisha nchi nzima walikuwa kama 126,000. Sensa ya 1948 ilikuwa imehesabu Waafrika zaidi ya milioni 5. Piga hesabu mwenyewe.

Machi 1957 watu wakapiga kura kwa viti 8. Tom Mboya akachukua Nairobi, Oginga Odinga akachukua Nyanza ya Kati, Ronald Ngala Pwani, Daniel arap Moi Bonde la Ufa. Na Nyanza Kaskazini, ambayo makao yake makuu yalikuwa hapa Kakamega, ikaenda kwa mwalimu aliyekuwa amesoma Chuo Kikuu cha Cape Town: Masinde Muliro. Ndiyo, yule wa chuo kikuu. Ndiyo, yule wa Muliro Gardens, na najua wengi wenu mnaijua hiyo bustani kwa mambo mengine.

Sasa kitu kinachonifurahisha: wale 8 waliingia kupitia huo mlango mwembamba, halafu kitu cha kwanza walifanya ni kuupigia kelele. Walikataa nyadhifa za uwaziri, wakadai viti zaidi na kura kwa kila mtu mzima. Wangeweza kusema "sisi tumeingia, inatosha." Uchaguzi wa Februari 1961 masharti yakalegezwa sana: ukijua kusoma na kuandika, au ukiwa umefika miaka 40, unaingia. Mei 1963, hatimaye, mtu mzima mmoja, kura moja. Umri ulikuwa 21, ukashushwa hadi 18 mwaka wa 1974.

Kukhu alipiga kura yake ya kwanza 1963. Alisoma hadi darasa la tatu. Anasema alisimama kwa laini na yule mwalimu wa kura tatu, na mwalimu akapiga moja kama yeye. "Hiyo siku," ananiambia, "alinisalimia yeye kwanza."

Lakini kuna kitu kingine Kukhu hakuwa nacho, na hiki wengi hawajui. Kitambulisho. Kipande kilipoondolewa miaka ya mwisho ya 1940, kikaja kitambulisho cha watu wa rangi zote, lakini cha wanaume. Wanawake waliingizwa kwa sheria ya kitambulisho mwaka wa 1978. Miaka 15 baada ya uhuru! Mwanamke amezaa, amelima, amechagua serikali, lakini akitakiwa kuonyesha yeye ni nani, anaita bwana.

Na bado kuna Wakenya walioendelea kungoja nje ya mlango. Wamakonde wa Kwale walitembea kwa miguu kuelekea Ikulu mwaka wa 2016 ndio wakatambuliwa. Washona, ambao wazazi wao walikuja kama wahubiri kutoka Zimbabwe, walitangaziwa uraia Siku ya Jamhuri 2020. Wapemba, 2023. Hao ni watu waliozaliwa hapa, wakazikana hapa, na miaka yote hiyo hawakuweza hata kusajili laini ya simu kwa jina lao, kwa sababu kuna fomu iliuliza kabila na kabila lao halikuwa kwa orodha.

Sasa turudi kwangu. Nilikaa chini nikafanya hesabu ya 1957. Elimu: Kidato cha Nne nimemaliza, weka kura moja. Chuo: niliacha mwaka wa pili. Kipato: video zangu zinalipa bando na chapati. Mali: simu na taa ya mviringo. Utumishi wa serikali: sufuri. Mzee wa heshima: waulize majirani. Jumla, moja, na hiyo ni kwa huruma ya karani. Rafiki yangu tuliyekuwa tunashea naye chumba, mwenye digrii, kazi ya serikali na shamba la baba yake, angekuwa na tatu. Kukhu, aliyejua hadithi ya ardhi ya 1932 kuliko sisi wawili, angekuwa hana.

Nawaambia haya kwa sababu kila uchaguzi ukiisha, kuna mtu mtandaoni anasema "hawa wasiosoma wasiruhusiwe kupiga kura, ndio wanatuharibia nchi." Na mnampigia makofi. Nilikuwa mmoja wenu, nilipokuwa bado na kitambulisho cha mwanafunzi. Hilo wazo si jipya na si la kisasa. Ni la Coutts. Lilijaribiwa hapa hapa, na waliolishinda ni watu waliokuwa na kura nyingi lakini wakaona si haki.

Najua jibu lenu lingine: "Hata nikijiandikisha, wataiba." Sitabisha kwamba haijawahi kutokea. 1988 watu walijipanga mlolongo nyuma ya wagombea, mchana kweupe, na mwenye laini fupi akatangazwa mshindi. Lakini kumbukeni pia tarehe 1 Septemba 2017. Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais, na kitu kilichobishaniwa pale ndani si mapanga wala hotuba. Ni fomu. Fomu 34A, Fomu 34B, zimetumwa vipi, ziko na sahihi au la. Utaratibu, ule ule tunaouona wa kuchosha, ndio uliotikisa nchi nzima. Anayeandika fomu anaamua nani anahesabiwa, kwa hivyo sioni jinsi tunaweza kumwachia mtu mwingine hizo fomu halafu tulalamike.

Wiki iliyopita nilienda kujiandikisha. Nilibeba kitambulisho tu. Karani akaniuliza nitapigia kura wapi, akapiga picha, akaniambia niweke vidole kwa mashine. Hapo nikamfikiria babake Kukhu. Yeye vidole vyake vilichukuliwa ili asitoroke mgodini. Vyangu vinachukuliwa ili nisipige kura mara mbili, na ili mwenye digrii naye asipige tatu. Yote iliisha kabla boda aliyenileta amalize soda yake. Kule kwa gemu nilingoja siku kadhaa na nikakula kiapo.

Nilipomwambia Kukhu, hakunipongeza. Aliuliza kitu kimoja tu: "Na wale marafiki zako?"

Sikuwa na jibu. Ndio maana nimewaandikia.