Kanisa na Wasaliti Wake: Fundisho kutoka Afrika ya Kaskazini

Mwaka 303 Kaisari Diocletian aliamuru kwamba nyumba za ibada za Wakristo zibomolewe na Maandiko yao yateketezwe. Katika Afrika ya Kaskazini walikuwako waliokubali kufa kuliko kuyatoa, mmojawapo akiwa Felix, askofu wa Thibiuca. Wengine waliyakabidhi kwa maofisa. Hao waliitwa kwa Kilatini traditores, yaani watoaji, neno lenye asili moja na lile linaloeleza tendo la Yuda.

Mateso yalipokoma, Kanisa lilikabiliwa na swali gumu: msaliti atendewe nini? Caecilian alipowekwa kuwa askofu wa Carthage, wapinzani wake walidai kwamba Felix wa Aptunga, aliyemwekea mikono, alikuwa msaliti, na kwa hiyo tendo lile lilikuwa batili. Ndivyo lilivyozaliwa kundi la Wadonato. Mtaguso wa Arles wa mwaka 314 uliamua kwamba uaskofu uliotolewa na mkono wa msaliti haubatiliki kwa sababu hiyo. Felix mwenyewe alichunguzwa, akaonekana hana hatia.

Kinyume chake, katika mahakama mwaka 320 ilithibitika kwamba Silvanus, askofu wa hao waliojiita safi, alishiriki mwaka 303 kutoa vyombo vya kanisa. Waliotafuta msaliti nje walikuwa naye madhabahuni pao.

Kabla ya mkutano wa Carthage wa mwaka 411, Augustino na maaskofu wenzake waliahidi jambo la ajabu: kama wangeshinda, wangeshirikiana uaskofu na Wadonato, na kama waumini wasingevumilia maaskofu wawili, wote wawili wangejiuzulu. Hapo tunauona upendo uliokuwa tayari kugharimika. Lakini Augustino huyo huyo alikwisha kuzikubali sheria za dola za kuwalazimisha Wadonato, na mwaka 412 waliokaidi walitozwa faini. Ndugu aliyepaswa kuvutwa kwa upendo akasukumwa kwa nguvu ya serikali.

Sisi Walutheri tunaungama katika kifungu cha 8 cha Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 kwamba sakramenti zina nguvu hata zikitolewa na waovu, kwa kuwa nguvu yake ni agizo la Kristo. Ungamo hilo halifuti nidhamu ya Kanisa. Hata hivyo linatuzuia kudhani kwamba Kanisa linasimama juu ya uaminifu wetu. Petro alimkana Bwana mara tatu; kando ya ziwa aliulizwa mara tatu juu ya upendo wake, kisha akakabidhiwa kondoo. Basi mchungaji anayeketi na wazee wa kanisa kuamua habari ya aliyeanguka, na akumbuke kwamba hata yeye amekabidhiwa kundi kwa rehema hiyo hiyo.