Historia ya Zabibu ya Dodoma

Masimulizi ya zabibu ya Dodoma huanzia misheni ya Bihawana, mwaka 1957, pale mapadri wa Kikatoliki kutoka Italia walipopanda mizabibu wapate divai ya misa. Ugogo, yaani eneo la Dodoma, ni nchi ya mvua haba, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mahindi huungua mara kwa mara, lakini mzabibu huvumilia. Zao likatoka misheni, likaenea Mpunguzi, Hombolo, Mvumi na Makutupora.

Ufundi wake umo katika mkasi. Hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu, basi mkulima ndiye anayeupangia majira: akiupogoa leo, miezi kama minne baadaye anavuna. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Mavuno ya wakati wa mvua huandamwa na ubwiri, ugonjwa wa ukungu. Ya kiangazi ndiyo yenye sukari.

Kulima, basi, wakulima waliweza. Kilichowatesa ni soko. Miaka ya 1980 serikali ilikuwa na kiwanda chake cha mvinyo, DOWICO, na mzigo ulikuwa na pa kwenda. Kiwanda kilipoanguka, zabibu zilikosa mnunuzi, na wapo waliong'oa mizabibu. Baada ya mwaka 2000 vikaja viwanda vya watu binafsi, kikiwemo CETAWICO cha Hombolo. Hata hivyo zabibu mbivu haingoji bei ipande, na mwenye kiwanda analijua hilo. Jibu la wakulima likawa kukamua wenyewe na kuhifadhi kwenye matangi kile wanachokiita mchuzi wa zabibu. Mchuzi unakaa, mwenye nao anaweza kukataa bei ya kwanza.

Mgeni na aende Septemba, ndoo zikiwa zinatoka shambani. Jumamosi apite mnada wa Msalato kwa nyama choma. Akikaribishwa nyumbani, atakula ugali wa uwele kwa mlenda, na penye sherehe atawaona akina mama wakipiga muheme, ngoma zimebanwa mapajani. Mvinyo mwekundu wa Makutupora anywe taratibu, kisha amuulize mwenyeji wake mchuzi unauzwaje msimu huu. Bei hiyo ndiyo itakayoamua kama mizabibu aliyoiona itapogolewa tena au itang'olewa.