Kwa nini dizeli inahema ikifika Arusha

Unatafuta Land Cruiser ya dizeli iliyotumika, ya kuvutia tela? Anza na mwaka 1897. Ndipo Rudolf Diesel, kule Ujerumani, alipofanikisha injini isiyohitaji cheche ya plagi: inabana hewa mpaka joto lake linawasha mafuta. Hewa ikipungua, nguvu nayo inapungua.

Sasa, Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na Tanga. Mswisi Alfred Büchi alipata dawa mwaka 1905: turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa zaidi ndani ya injini.

Land Cruiser 80 ya mwaka 1990 ilikuja na dizeli za aina mbili. 1HZ haina turbo: ni rahisi kutengeneza, ila kwenye mlima inachoka. 1HD-T inayo, lakini za mwanzo zinajulikana kwa kula beringi za konrodi. Muulize muuzaji zilibadilishwa lini. Hajui? Hesabu gharama hiyo kabla hujalipa, na gari ulijaribu kwa kupandisha Ilboru, siyo tambarare.