Barabara Zilizostaafu za Gotthard

Mwaka 1977, karibu na kijiji cha Göschenen, wajenzi wa barabara kuu mpya ya Uswisi walikuta jiwe limekaa mahali barabara ilipotakiwa kupita. Baruti ingelimaliza kwa muda mfupi. Badala yake jiwe hilo, lenye uzito wa tani 220 hivi, lilisogezwa mita 127 kwa gharama ya faranga zipatazo 300,000. Wenyeji walikuwa na sababu. Inasimuliwa kwamba watu wa jimbo la Uri walishindwa kuuvuka mto Reuss katika korongo la Schöllenen, Shetani akajitolea kuwajengea daraja, kwa sharti apewe roho ya kwanza itakayopita. Daraja lilipokwisha wakamtanguliza beberu. Shetani akapandwa na hasira, akabeba jiwe aje alivunje daraja. Njiani bibi kizee akalichora msalaba, na tangu hapo Shetani hakuweza kulinyanyua tena.

Hadithi hiyo inatunza kumbukumbu ya kazi ngumu. Gotthard ni mahali ambapo milima ya Alps inainama kidogo, mita 2,106 juu ya usawa wa bahari, kati ya jimbo la Uri linalosema Kijerumani na jimbo la Ticino linalosema Kiitaliano. Mtu anayetoka kaskazini kwenda Milano hupanda mara moja tu, kisha akashuka. Kizuizi kilikuwa lile korongo. Katika karne ya 13 likapitika kwa daraja la miti na njia ya mbao iliyopachikwa ubavuni mwa jabali, juu ya maji yanayonguruma. Nyumbu wakapita na mizigo: jibini likienda kusini, mvinyo na mchele vikija kaskazini. Kila bonde lilishika haki ya kubeba mizigo katika kipande chake, na mgeni hakuruhusiwa kuwapokonya wenyeji riziki. Mwaka 1708 mhandisi Pietro Morettini alitoboa mwamba kwa urefu wa mita 64 hivi, na zile mbao za kuning'inia zikaachwa. Ni handaki fupi sana, lakini ndilo lililoanzisha tabia ya Gotthard: kila njia mpya inaistaafisha iliyotangulia, na iliyostaafu inaanza kuitwa nzuri.

Barabara ya magari ya farasi ilikamilika mwaka 1830. Upande wa kusini inateremka bonde la Tremola kwa kona 24 zilizobebana ukutani mwa mlima, zikishikiliwa na kuta za mawe. Leo waendesha baiskeli na wenye magari ya kale hutoka mbali kuja kuzipanda polepole. Kwa mwendeshaji wa gari la posta la farasi, kona hizo zilikuwa hatari ya kila siku. Mchoraji Rudolf Koller alilionyesha gari hilo mwaka 1873: farasi wanashuka mbio katikati ya vumbi, mbele yao ndama anakimbia kuokoa maisha yake. Waliomwagiza picha hiyo walikuwa kampuni ya reli, iwe zawadi kwa Alfred Escher, ambaye wakati huohuo aliongoza mradi wa kuchimba reli chini ya mlima uleule. Sijui kama waliona kejeli yake. Walimtunuku Escher picha ya kitu alichokuwa anakiua.

Uchimbaji ulikuwa umeanza mwaka 1872, ukachukua miaka 10, kilomita 15 kwa baruti, na wachimbaji wengi walitoka Italia. Humo ndani kulikuwa na joto, moshi na maji machafu yanayofika vifundoni, vyoo havikuwapo. Wakapata safura. Wanaume wenye nguvu walitoka wamepauka, hawawezi hata kupanda ngazi, na madaktari wa Ulaya wakashangaa kuukuta ugonjwa wa nchi za joto chini ya theluji. Mwaka 1875 waligoma pale Göschenen. Wanamgambo wa jimbo wakawafyatulia risasi, wanne wakafa. Jumla ya waliokufa katika kazi hiyo inakaribia 200. Mkandarasi Louis Favre naye alianguka akafa ndani ya handaki mwaka 1879, miezi michache kabla pande mbili hazijakutana. Tundu la kwanza lilipofunguka mwaka 1880, picha yake ilipitishwa humo ili awe wa kwanza kuvuka. Reli ilipofunguliwa mwaka 1882, barabara ya Tremola ilinyamaza.

Motokaa ndiyo iliyoifufua, ingawa haikupokewa kwa vigelegele kila mahali. Jimbo jirani la Graubünden lilipiga marufuku magari mwaka 1900, na wapiga kura wakaendelea kuyakataa hadi mwaka 1925. Tajiri aliyefika mpakani na motokaa yake aliikodishia farasi waivute. Ni mabasi ya manjano ya posta yaliyowazoesha watu wa milimani, pamoja na honi yao ya sauti tatu iliyotolewa katika muziki wa Rossini wa Wilhelm Tell, ikiwaonya wengine kabla ya kona.

Ipo barabara moja inayonipinga. Susten, inayoanzia kijiji cha Wassen na kupanda zaidi ya mita 2,200, ilijengwa kati ya mwaka 1938 na 1945 kwa ajili ya motokaa tangu mwanzo, na waliopima kona zake waliyafikiria macho ya dereva. Haikuhitaji kustaafu ili ipendeze. Nyingine nyingi zilihitaji.

Gotthard iliendelea na desturi yake. Handaki la magari la kilomita 16.9 lilifunguliwa mwaka 1980, njia moja kila upande, na malori yakajaa. Mwaka 1994 wananchi walipiga kura mizigo inayovuka Alps ihamishiwe kwenye reli. Mwaka 2001 malori mawili yaligongana humo ndani, moto ukaua watu 11. Kisha, mwaka 2016, likafunguliwa handaki la reli la kilomita 57 linalopita chini kabisa ya mlima. Sasa ikawa zamu ya reli ya mwaka 1882. Treni za mwendo kasi ziliihama, na mizunguko iliyochimbwa ili treni ipate kimo, inayomwonyesha abiria kanisa la Wassen mara tatu kutoka pande tofauti, ikawa kivutio chenye mabehewa ya madirisha makubwa.

Lakini mstaafu anaweza kuitwa kazini. Tarehe 10 Agosti 2023 treni ya mizigo iliacha reli ndani ya handaki jipya na kuliharibu vibaya. Ukarabati ulichukua mwaka mzima, na treni nyingi za abiria zikarudi kuzunguka kanisa la Wassen kwa karibu saa moja zaidi. Mwezi uliofuata ajali hiyo, vipande vya zege vilidondoka kutoka darini mwa handaki la magari, nalo likafungwa kwa siku kadhaa. Wenye magari wakapanda tena kileleni, kwenye barabara ambayo theluji huifunga kila majira ya baridi. Bahati yao ilikuwa mwezi Septemba.