Chemirocha: Jina la Mwimbaji wa Marekani katika Kinywa cha Wakipsigis

Mara nyingi tunapofundisha utohoaji wa maneno, tunatoa mifano ya vitu: motokaa, shati, kabati. Ni nadra kutaja jina la mtu, na nadra zaidi kutaja la mwanamuziki. Makala hii fupi inasimulia historia ya jina moja la aina hiyo, ambalo lilizaa wimbo kwa jirani zetu wa Kericho, nchini Kenya.

Jimmie Rodgers alizaliwa mwaka 1897 katika jimbo la Mississippi, Marekani. Kabla ya kujulikana kwa muziki alifanya kazi ya breki katika treni. Mwezi Agosti 1927 alirekodi nyimbo zake za kwanza katika mji wa Bristol. Aliimba kwa gitaa, na katikati ya wimbo alirusha sauti kutoka chini hadi juu kwa ghafla, kisha akaishusha. Alikufa kwa kifua kikuu Mei 1933, akiwa na umri wa miaka 35 tu. Wengi humwita baba wa muziki wa kantri. Hata Bill Monroe, mwanzilishi wa mtindo wa blugrasi, alipoingia katika kipindi maarufu cha redio cha Grand Ole Opry mwaka 1939, aliimba wimbo wa Rodgers.

Santuri zake zilisafiri kuliko yeye mwenyewe. Zilipofika katika nchi ya Wakipsigis, watu walizisikiliza kwenye gramafoni na kuzipenda. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alipofika Kapkatet na mitambo yake ya kurekodia, alikuta nyimbo zenye jina la Chemirocha, akarekodi tatu. Ya tatu, ambayo ndiyo iliyopata sifa zaidi, iliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake. Tracey alieleza kwamba wasichana hao walimwazia Chemirocha kama kiumbe nusu mtu, nusu swala, nao wakamwalika aje kucheza.

Tuutazame sasa upande wa lugha. Tukiligawa jina kwa silabi tunapata Che-mi-ro-cha. Lugha za Kikalenjin, ambamo Kikipsigis kimo, hazitofautishi sauti j na ch kama Kiswahili kinavyofanya. Kwa hiyo j ya Jimmie na ile iliyo ndani ya Rodgers zote mbili zimekuwa ch. Zaidi ya hayo, silabi ya kwanza imeangukia mahali pazuri, kwani Che- huanza majina mengi ya Wakalenjin, wakiwemo Wasabiny wa Kapchorwa, juu ya Mbale. Mwanafunzi aliyesoma na akina Chemutai na Chelimo haoni ugeni wowote katika Chemirocha. Mgeni alikwisha kupewa uraia kwa njia ya matamshi.

Hapa ndipo penye jambo la kufikiriwa. Watu wengi waliosimulia habari hii wameisimulia kwa kicheko, kana kwamba ni kisa cha washamba waliokidhani kinanda kuwa ni mzimu. Mimi sikubaliani nao. Mpenzi wa muziki huonyesha mapenzi yake kwa kile alicho nacho. Wasichana wale hawakuwa na gitaa. Walikuwa na sauti zao na ala ya nyuzi mfano wa kinubi, ndugu wa endongo ya Baganda na entongooli ya Basoga. Hawakumwiga Rodgers, bali walimtungia wimbo wao. Huo ni utunzi, wala si kosa la kusikia. Mtu wa Buwenge aitamkapo motokaa kuwa emmotoka hatumwiti mjinga. Twasema lugha yake imefanya kazi yake.

Tena kuna suala la haki. Kwa miaka mingi jina la Rodgers lilijulikana duniani, na sauti ya Chemutoi Ketienya ilihifadhiwa mbali na kwao, katika maktaba ya muziki ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954 huko Afrika Kusini. Katika miaka ya 2010 maktaba hiyo, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, ilirudisha nakala za rekodi kwa jamii zilikotoka, Wakipsigis wakiwa miongoni mwao. Wazee waliweza kusikia tena sauti za ujana wao.

Walimu wa Kiswahili wa Jinja na Mbale wanaweza kulitumia somo hili darasani. Mwambie kila mwanafunzi alete jina moja la kigeni jinsi bibi yake anavyolitamka, kisha darasa litafute kanuni iliyolibadili. Watagundua kwamba bibi hakukosea. Mgeni njoo, mwenyeji apone; na jina la mgeni nalo likija, huna budi kulipa kiti.