Barabara ya Bonga na Vijana Wake: Historia Fupi

Ndugu wahitimu wenzangu, na ninyi wadogo zetu mlioko madarasani,

Kila tukutanapo halikosi kusikika neno hili: "Vijana wa siku hizi wameharibika." Zamani tuliambiwa sisi. Leo tunawaambia wenzetu waliotufuata. Katika makala hii nataka tulipime neno hilo kwa mizani ya historia, na mfano wetu uwe Bonga, kata iliyo kusini mwa mji wa Babati, kwenye barabara itokayo Dodoma na Kondoa. Kwa zaidi ya miaka mia moja, kijana wa kiume wa hapa ameishi kwa kufuata, kukimbia au kungojea kile kilichopita katika njia hiyo.

Tuanze kabla ya barabara. Wagorowa, ambao wengi waliwaita Wafiomi, walilima na kufuga kuzunguka mlima Kwaraa na ziwa Babati. Mtoto wa kiume alianza na ndama na mbuzi, kisha akakabidhiwa ng'ombe. Baada ya jando alihesabiwa miongoni mwa wanaume, akapata mahali pa kulima na kujenga. Maisha hayakuwa mepesi. Sotoka ya miaka ya 1890 iliteketeza mifugo katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, na njaa ikafuata. Lakini katika kila hatua kijana alikuwa na mtu wa kumpokea: baba, mjomba, au mzee wa jando. Hakuna aliyeachwa ajitafutie utu uzima peke yake.

Wajerumani walileta kipimo kingine. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa katika koloni lao mwaka 1898, nayo ilitaka fedha. Tangu hapo ng'ombe na jembe havikutosha kumfanya mtu mzima. Ilibidi awe na rupia. Kisha vita ikaja. Aprili 1916 askari wa farasi kutoka Afrika Kusini, chini ya Jenerali van Deventer, walishuka kutoka upande wa Arusha, wakapita Ufiomi katika mvua kubwa, wakaiteka Kondoa. Nyuma ya majeshi ya pande zote mbili walitembea wapagazi, wengi wao vijana wa Kiafrika, ambao walikufa kwa maelfu kwa maradhi na uchovu.

Chini ya Waingereza njia hiyo ilifanywa sehemu ya Barabara Kuu ya Kaskazini, katika ile ndoto ya kuunganisha Cape na Kairo. Vijana wa mikoa ya kati wakaenda mashamba ya mkonge, wakaitwa manamba kwa sababu kila mmoja alijulikana kwa namba yake. Katika Vita Kuu ya Pili vijana wa Tanganyika zaidi ya 80,000 waliingia jeshini, wengine wakafika Burma. Waliobaki bila kazi walikimbilia mijini. Katika miaka ya 1940 na 1950 maofisa wa Dar es Salaam waliwakamata vijana hao, wakawaita wahuni, wakawarudisha kwao. Basi tusidhani kwamba lawama juu ya vijana imeanza leo.

Uhuru ulileta jitihada ya kweli ya kuwapokea vijana. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963. Mwaka 1967 kukatangazwa Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1977 nchi ikaanza Elimu ya Msingi kwa Wote, na mtoto wa mchungaji akakaa dawati moja na mtoto wa karani. Lakini nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Kati ya kila watoto kumi waliomaliza darasa la saba, hata mmoja hakuwa na hakika ya kuendelea. Waliobaki walirudi mashambani au walifuata barabara. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvukazi, na vijana wasio na kazi wakakamatwa tena mijini na kupelekwa vijijini. Serikali ilikuwa nyingine na nia ilikuwa nyingine, lakini dawa ilifanana na ile ya mkoloni: kumwondoa kijana asionekane. Nayo haikuponya.

Wengine walikwenda Mirerani, ambako tanzanaiti iligunduliwa mwaka 1967. Huko wachimbaji walijiita wanaapolo, na watoto wadogo waliopenya katika mashimo membamba wakaitwa nyoka. Mafuriko ya mwaka 1998 na ya mwaka 2008 yaliwafukia wachimbaji wengi chini ya ardhi. Kwa mmoja aliyetajirika walikuwapo mamia waliorudi mikono mitupu, na wengine hawakurudi kabisa.

Tufike siku zetu. Aprili 2018 mkoa wa Manyara ulishuhudia mambo mawili. Ukuta wa kilometa 24 ulizinduliwa kuzunguka machimbo ya Mirerani, na mwezi huohuo, hapa Bonga, ikazinduliwa barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye kilometa 251. Njia moja ya kubahatisha iliwekewa lango, na nyingine ikafunguliwa. Leo kijana wa Bonga anaiona lami mbele ya nyumba yao, na juu yake bodaboda.

Kwa nini bodaboda? Si uvivu. Mwaka 1967 nchi yetu ilikuwa na watu milioni 12. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu milioni 61.7. Shamba alilogawa babu kwa wana watatu haliwezi kugawanywa tena kwa wajukuu kumi na wawili. Tena kilimo chenyewe hakina uhakika. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia nchini mwake, na bei ya mbaazi, zao linalotegemewa sana Babati, ikaporomoka. Kijana aliyelima kwa bidii alipata hasara kwa uamuzi uliofanywa ng'ambo ya bahari. Pikipiki humpa fedha jioni ileile. Lakini pikipiki nyingi ni za tajiri, hesabu hudaiwa kila siku, na ajali moja huweza kumwacha kijana wa miaka ishirini akiwa mlemavu.

Wako wasemao kwamba wavulana wameachwa kwa sababu wasichana wamesaidiwa. Historia haikubaliani nao. Dada zetu walicheleweshwa muda mrefu, na kila hatua waliyopata ni haki yao. Mvulana hakunyang'anywa na dada yake. Amekosa mtu wa kumpokea pale utoto unapokwisha. Baba yuko safarini au kimya, jando limekuwa shughuli ya siku moja hospitalini, na mwalimu ana darasa lililojaa. Ada ya sekondari hadi kidato cha 4 iliondolewa mwaka 2016, nalo ni jambo jema. Lakini siku baada ya mtihani wa mwisho, nani anamngoja kijana langoni?

Hapo ndipo sisi tunapohusika. Miongoni mwetu wamo mafundi, wakulima, waganga, madereva na wafanya biashara. Kila mmoja angeweza kumchukua kijana mmoja tu, amfundishe kazi kwa mwaka mmoja, amjue kwa jina na amuulize habari zake. Chuo cha ufundi cha VETA kipo Babati. Halmashauri zimewekewa sheria ya kutenga mikopo kwa vikundi vya vijana kutoka mapato yao ya ndani. Kijana anahitaji mtu wa kumwonyesha mlango, amsaidie kuandika barua, na kumdhamini kwa neno lake.

Nanyi wadogo zetu, msione aibu kuuliza. Waliowatangulia katika barabara hii walibeba mizigo ya vita, wakakata mkonge, wakachimba mawe. Hawakuwa bora kuliko ninyi, wala ninyi hamjaharibika kuliko wao. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Njooni mtuulize, nasi tuwe tayari kujibu.