Uwele na Mpunga katika Micheweni

Wilayani Micheweni, kaskazini mwa Pemba, yapo magofu ya Chwaka, na karibu nayo mahame ya Tumbe, yaliyokaliwa baina ya karne ya 7 na ya 10. Punje zilizoungua, ambazo Sarah Walshaw alieleza uchunguzi wake mwaka 2010, zaonyesha kwamba watu wa Tumbe walitegemea zaidi uwele. Huko Chwaka, tangu karne ya 11, mpunga ulishika nafasi hiyo. Lugha imehifadhi majina yote mawili, lakini jina halipandwi. Leo maji ya chumvi yaingia mabonde ya mpunga, na mvua haziaminiki; atakayetaka kurudia nafaka ivumiliayo ukame hana budi aikute mbegu yake ingali hai.